Mayai Mawili Yenye Alama

Maisha yangu yote nimeua mjusi kafiri. Nalisema hili mwanzoni ili anayesoma asinidhanie mtu mwingine. Tangu wadogo tuliambiwa kwamba yule ndiye aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahimu ili uzidi kuwaka, na kwamba anayemuua ana thawabu zake, na mimi sikuwa mtu wa kuacha thawabu zitambae ukutani mpaka ziingie paani. Fagio langu la chelewa lilikuwa na kazi mbili.

Kwa hiyo mjukuu wangu aliposhuka kwenye basi hapa Kibiti, tangi la kioo amelipakata na kulifunika khanga, nilidhani ameniletea samaki wa urembo. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, nikamuuliza humo mna nini.

"Mijusi, Bibi."

"Umetoka nao Dar es Salaam. Kwani hapa uliambiwa wameadimika?"

Hakucheka. Hapo nikajua kuna jambo, maana mimi na huyu tunataniana tangu alipojua kusema. Ni mtoto wa binti yangu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, tukamlea mimi na marehemu mume wangu, aliyekuwa mfanyakazi wa pantoni ya Ndundu mpaka daraja lilipokuja likamrudisha nyumbani. Bwana yule alikuwa akimwita mjukuu wake mke wangu, kama ilivyo desturi yetu, na mtoto naye akaniita mimi mke mwenza. Kila asubuhi, shikamoo ikishapita, hunifuata jikoni na kuniuliza: "Mke mwenza, leo zamu ya nani?" Mimi humjibu kwamba mke mdogo zamu yake ni kufagia, na mke mkubwa zamu yake ni kukaa. Hata bwana mwenyewe alipotangulia mbele ya haki hatukuuacha utani wetu. Sasa alikuwa amerudi mwanamke mzima, miaka ishirini na mitatu, na asubuhi ya kwanza alinipa shikamoo akachukua fagio bila kuuliza zamu ya nani.

Habari yake niliipata kidogo kidogo. Alikuwa akilisha wanyama kwenye bustani ya mtu mmoja huko mjini, watu wakilipa kuingia kutazama. Bustani ilifungwa, wanyama wakagawanywa, na kwa kuwa yeye ndiye aliyewahudumia wale mijusi wawili, dume na jike, mwenye bustani akampa pamoja na karatasi zao. Karatasi nilizitaka kabla ya yote. Nilivaa miwani nikautazama mhuri. Watu wamefungwa kwa wanyama wasio na karatasi, na mimi nyumba yangu haijaingia askari.

Hawa hawakuwa mjusi kafiri. Aliniambia wanaitwa mijusi chui, asili yao nchi za mbali, na kweli walikuwa wa manjano wenye madoa meusi. Hawapandi ukuta. Wana kope, wanafumba macho kama mtu, na vumbi likiwaingia machoni wanalilamba kwa ulimi. Mkia wao ni mnene kama kiazi kitamu kidogo, humo ndimo wanamoweka akiba ya mwili. Wiki ya kwanza sikuwakaribia. Wiki ya pili nikawa nikitoka shambani nakuja na panzi kwenye ncha ya khanga. Aliniuliza kama shamba limepigwa dawa, nikamwambia mpunga wangu haujui dawa, akawapokea. Ile chokaa ya kuwanyunyizia wadudu wa chakula chao, ili jike apate nguvu ya kutengeneza mayai, alikuwa ameinunua mjini na ikamwishia. Nikamwagiza shoga yangu anayechukua kamba wakavu Nyamisati aniletee mifupa ya ngisi, ile myeupe inayookotwa ufukweni. Nikaitwanga kwenye kinu kidogo cha iliki. Sikumwambia mtu ni ya nini.

Jambo alilokuwa akilitaka mjukuu wangu lilikuwa moja. Jike alikuwa ametaga mara tatu huko mjini, mawili mawili, na yote yaliharibika. Mengine yalikauka, mengine yakaoza, mengine hakujua kwa nini. "Sijawahi kuangua hata kimoja, Bibi," aliniambia. "Wenzangu walikuwa wanasema mimi nawapenda tu, siwajui." Ndiyo maneno aliyokuwa ameyabeba kutoka mjini, na ndiyo yaliyomkatia kicheko.

Jike akataga tena hapa kwangu. Mimi nilikuwa msibani Mtunda, nikarudi nikakuta kazi imekwisha. Mayai mawili ameshayaweka ndani ya kopo la plastiki, kitandani mwa vumbi la makumbi ya nazi lililoloweshwa likakamuliwa, na kopo limo ndani ya lile boksi jeupe jepesi la kubebea samaki wa barafu. Pembeni balbu ndogo imefunikwa, inatoa joto bila mwanga. Kipima joto kimechungulia nje ya kifuniko. Nilitazama nisione kitu, kifuniko cha kopo kilikuwa na jasho kwa ndani.

Baada ya kutaga jike hakula tena. Mkia ulipungua ukawa kama utambi. Siku ya nane alikufa. Tulimzika nyuma ya bafu, chini ya mpapai, mimi nimesimama na jembe, mjukuu wangu amechuchumaa. Yale mawili yakawa ndiyo ya mwisho.

Haikupita muda akapata nafasi aliyokuwa ameiomba siku nyingi, mafunzo ya wiki mbili Morogoro, ya kuchanja kuku na kutibu mifugo midogo. Alitaka kuikataa. Nilimwambia asinichekeshe. Mimi nimeangua kuku na bata tangu mama yake hajazaliwa, nimeatamisha mayai ya kanga chini ya kuku nikapata vifaranga tisa kwa tisa, nitashindwa na mayai mawili yaliyomo kwenye boksi?

"Haya si ya kuku, Bibi."

"Najua si ya kuku. Kuku angekuwa na adabu ya kuyaatamia mwenyewe."

Akanipa masharti. Kipima joto alikichora mistari miwili ya rangi ya kucha, nyekundu, joto lisipande juu ya huu wala kushuka chini ya huu. Nikamwambia namba nazijua, shule niliishia darasa la tatu lakini kisomo cha watu wazima nilikimaliza. Akasema najua, Bibi, ni kwa haraka tu. Maji nisiongeze maadamu kifuniko kina jasho. Na mayai nisiyaguse. Hilo alilisema mara tatu. Nikamwahidi. Mtoto huyu nilimchapa mara moja tu katika kumlea, na haikuwa kwa kuvunja mtungi, ilikuwa kwa kusema mtungi umevunjwa na mbuzi. Ahadi yangu aliijua uzito wake. Akaondoka.

Siku sita zilikwenda vizuri. Nilikitazama kile kipima joto kila baada ya sala, mara tano kwa siku, na wekundu wake ukawa kama sehemu ya wudhu wangu. Siku ya saba ilikuwa hitma ya marehemu mume wangu, tunayoisoma kila mwaka. Wanawake wangekuja baada ya adhuhuri, na mazoea ya nyumba yangu ni kwamba wanaweka mikoba yao na kulaza watoto wao katika chumba kile kile lilimokuwa boksi. Asubuhi nikaona nilisogeze nyuma ya kabati. Kabla ya kulisogeza nikasema nitazame kama yamekaa sawa yasije yakagongana. Miwani nilikuwa nayo usoni kwa sababu nilikuwa nachambua mchele. Nikafungua kopo.

Kila yai lilikuwa na alama juu yake. Msalaba mdogo wa penseli, na pembeni tarakimu.

Wasomaji wa kwingine huenda wasielewe kwa nini niliinuka nikafunga mlango kwanza. Huku kwetu yai lililoandikwa si kitoweo. Ni kazi ya mtu. Linakutwa limefukiwa kizingitini, au chini ya mnazi wa jirani, na likishakutwa hakuna anayeuliza aliyeliandika alikuwa na nia gani. Nilimjua mwanamke, mjane kama mimi, macho yake mekundu kwa moshi wa jikoni kama yangu, ambaye yai la namna hiyo lilikutwa karibu na uzio wake. Hakupigwa, hakushtakiwa. Waliacha kumsalimia tu. Alihamia kwa mwanawe mbali na hapa, na alipofariki tulikwenda mazikoni watu wachache sana. Mimi nilikwenda. Lakini kabla ya hapo mimi pia nilikuwa nikipita kwake upande wa pili wa njia.

Nilijua aliyeandika ni mjukuu wangu, na nilijua si mchawi. Ila wanawake arobaini wangeingia chumbani mle na watoto wanaofungua kila kitu. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikaliinua yai la kwanza, nikalifuta, na la pili vilevile. Maganda yalikuwa laini, yanabonyea kama ncha ya kidole kilichokaa majini muda mrefu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshayashika, nikayageuza kidogo kabla ya kuyarudisha, kama ninavyogeuza ya kuku mwenye uvivu, ili joto lifike pande zote. Nikajiona nimefanya la ziada.

Hitma ilisomwa, wali ukaliwa, hakuna aliyetazama nyuma ya kabati ila shoga yangu, ambaye jicho lake halina mapumziko. Aliuona waya umeingia huko akaniuliza naficha nini. Nikamwambia ni vitu vya mjukuu. Akasema vitu vya mjukuu vinakula umeme kuliko mjukuu mwenyewe, akaendelea kukosha masahani.

Walipoondoka jua bado liko juu, simu ikaita. Mjukuu wangu alitaka kujua dua imekwendaje, nani alikuja, nani hakuja. Kisha akauliza mayai. Nikasema yako salama.

"Alama ziko juu bado?"

Nikauliza alama gani, ingawa nilijua.

"Nimeyawekea alama ya kujumlisha na tarehe ya kutagwa kwa penseli, upande wa juu. Nilisahau kukwambia. Haya hayageuzwi kama ya kuku, Bibi. Mtoto anajishika juu tangu siku ya kwanza, yai likigeuka anazama mle ndani. Ndiyo nasema ukiona alama imelala pembeni unipigie."

Niligeuka nikatazama mlango wa chumba. Nafikiri alidhani simu imekatika, maana aliniita mara mbili.

"Ziko juu?"

"Ziko juu," nikasema.

Nimeishi miaka mingi na sikumbuki neno lililonitoka kwa wepesi vile. Niliposhusha simu nilikaa kwenye kigoda cha mbuzi ya kukunia nazi, katikati ya masufuria ya watu, nikawaza mtungi na mbuzi.

Basi nikainuka. Kulia hakumwinui mtoto aliyelazwa kifudifudi. Nikalipeleka kopo stoo, nikafunga mlango na dirisha mpaka kukawa giza, nikawasha tochi ya simu. Mayai ya kuku nayamulika tangu nikiwa msichana, wakati huo kwa kibatari, na macho yangu kwa kazi hiyo bado ni mazima. Yai la kushoto nililimulika bila kuliinua, tochi nimeiegemeza kwenye vumbi la makumbi. Likawaka waridi. Ndani mlikuwa na mishipa myekundu kama mizizi ya mpunga unapong'olewa, na mahali ilipokutana pana kivuli kidogo kama tone la wanja. Kivuli kilikuwa ubavuni, kimeelekea chini. Nikasoma Bismillahi, nikalisukuma kwa kidole pole pole, kiasi cha kucha, nikangoja, kiasi cha kucha tena, mpaka tone likawa juu. Yai la kulia lilinipa njano tupu. Sikuona mshipa wala kivuli, nikashindwa kujua juu ni wapi. Nikaliacha lilivyo.

Zilibaki siku saba arudi. Nilichukua simu mara nyingi nimwambie. Kisha nikajiambia ana mtihani, akisikia ataacha mafunzo. Nikajiambia huenda hayajapata kitu, kwa nini nimtie mtu huzuni ya bure. Zilikuwa sababu nzuri, zimepangika vizuri, na kila nilipozipanga nilimwona mtoto wa miaka saba amesimama mbele yangu na yeye ana sababu zake za mbuzi.

Siku ya kurudi nilimngojea barazani. Alishuka na begi na cheti ndani ya bahasha ya kaki, ananionyeshea kwa mbali. Nikamwambia akae kwanza, hata maji sijampa. Nikamweleza yote, hitma, wanawake, kitambaa, kuyageuza kwa hisani yangu, tochi. Sikuruka kitu. Aliingia ndani, nikasikia boksi linafunguliwa. Alikaa huko. Alipotoka alikuwa na bahasha bado mkononi.

"Nilikuuliza, Bibi. Ukaniambia ziko juu."

"Nilikwambia uongo."

Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyokulia akakuta imetobolewa mlango mahali pasipokuwa na mlango. Sikumwomba asinune. Nilimwambia amekosewa, na mkosaji ni mimi, na kwamba sikuwa na mbuzi wa kumsingizia. Nadhani kidogo mdomo wake ulitaka kucheka, ukakataa.

Kuanzia hapo alinipa adabu. Shikamoo Bibi, asubuhi. Chakula tayari, Bibi. Nikusaidie ndoo, Bibi. Hakuna binti aliyekuwa na heshima kama yule Kibiti nzima, na mimi nilikuwa naikimbia heshima ile naenda shambani mapema. Hakuuliza zamu ya nani. Alifagia, akapika, akachota, akakaa mbele ya boksi. Kama mayai yangeharibika yote, nilikuwa nimeshajua maisha yetu yaliyobaki yatakuwa hivyo, ya shikamoo na marahaba.

Baada ya siku tisa au kumi za adabu, umeme ulikatika. Ilikuwa kipupwe, mvua ya rasharasha tangu alfajiri na upepo wa kusi unaingia mpaka chini ya mlango. Mpaka saa nne kipima joto kilikuwa kimeugusa mstari wa chini, na saa tano kikaupita. Mjukuu wangu alilizungushia boksi blanketi, akalikumbatia. Nilimwona anahesabu, midomo inatikisika.

Nikamwambia hapo mwili wako hautoshi, tulivundike.

"Kama ndizi?"

"Ndizi tunazipa joto siku nne mfululizo bila umeme wa mtu. Lete pumba."

Nilichukua chungu kipana, nikaweka majivu ya moto chini, juu yake pumba kavu za mpunga, kisha majivu tena ili zisiwake, zitoe joto tu. Nikakitia chungu ndani ya tenga lililotandikwa majani makavu ya mgomba, nikaweka kigae, juu ya kigae boksi, juu ya yote blanketi. Yeye akashika kipima joto, akawa ananisomea. Kikipanda nainua blanketi upande mmoja. Kikishuka naongeza pumba. Tulikwenda hivyo mpaka magharibi, yeye anasoma namba, mimi napokea namba, na mara moja tu alisema zaidi ya namba. Alisema huko mjini walikuwa na mashine kwa ajili hiyo, na umeme ukikatika mashine nayo inakaa kimya kama wao. Umeme uliporudi joto lilikuwa katikati ya mistari, limetulia. Akanitazama mikono iliyojaa majivu, akaenda kuniletea maji ya kunawa. Lakini alisema, "Nawa, Bibi." Nikanawa.

Yai la kulia lilianza kubonyea, kisha likaota ukungu. Alilitoa akalipasua nje juu ya jani. Lilikuwa maji ya njano tu, hamna umbo lolote.

"Hili halikuwa na kitu tangu mwanzo," alisema. "Ndiyo maana hukuona mshipa. Si wewe."

Nilimwambia asinifariji kwa jambo asilolijua.

"Sikufariji. Ningekuwa nakufariji ningesema mapema."

Likabaki moja, la kushoto, lile nililolisukuma kwa kidole.

Siku ya hamsini na mbili tangu yatagwe ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa uani napepeta mchele, jua limechomoza baada ya siku nyingi za mawingu. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Mke mwenza," alisema. "Njoo uone."

Ungo niliuacha chini, na kuku wakaula mchele wote, wala sikuwarudia.

Yai lilikuwa limechanwa kwa juu, mkato mmoja msafi kama wa wembe, na ndani ya mkato kumetokea pua. Tulikaa chini wote wawili, magoti yanagusana. Pua ilipumzika muda mrefu sana. Niliuliza kama hatuwezi kumsaidia, akasema hapana, mwache. Kikatoka kichwa, kikubwa kuliko haki yake, chenye macho meusi. Kikatutazama. Kisha kwa mara moja, kama mtu aliyechoka kungoja ruhusa, akatoka mzima. Alikuwa na mistari ya manjano na myeusi, mkia mwembamba, mwili unang'aa. Madoa huja baadaye, aliniambia. Nilipoinamisha uso nimwone vizuri, kadude kale kenye urefu wa kidole changu kakainuka kwa miguu minne, kakafungua mdomo, kakanilalamikia kwa sauti nyembamba kabisa.

"Mkali," nikasema.

"Si amesukumwa na wewe?"

Ndipo akalia, akaniegemea begani akalia, na mimi nikamwacha alie kwa sababu kifua changu nacho kilikuwa kinashuka, kitu kilichokaa juu yake karibu mwezi mzima kinaondoka. Nilisema Alhamdulillahi. Nikasema tena. Sikuwa na neno jingine na sikulitafuta.

Mchana shoga yangu alikuja na kamba zake, nami nikamwingiza chumbani bila kuulizwa nikamwonyesha. Alirudi nyuma hatua mbili, kisha akaja mbele tatu.

"Mimi miezi yote hii nakuletea mifupa ya ngisi," alisema, "nikadhani unajipaka usoni utafute bwana."

Nikamweleza na habari ya alama, siku ya hitma, mayai yalikuwa wapi na yeye alikuwa wapi. Alifikiri kwa haki, simlaumu.

"Ningeyaona ningekimbia, shoga," alisema mwishowe. "Kisha ningerudi kukuuliza."

"Ungerudi?"

"Ningerudi. Nani angenikopesha kinu?"

Nimeishika ile. Kuna watu hawakupata wa kurudi kuwauliza, na mmoja wao mimi nilimpita upande wa pili wa njia.

Sasa mjukuu wangu amepata kazi Ikwiriri, anachanja kuku wa watu vijiji vya kule, analala huko na kuja kwangu Alhamisi. Hakuwa na mahali pa kumweka dume wala mtoto wake, na sikutegemea aniulize. Aliniuliza. Alileta karatasi ameandika masharti yote, hata yale madogo, na kila sharti chini yake sababu yake. Tulisoma pamoja, mimi kwa sauti. Penseli ikiwa mkononi akataka kuandika tarehe ya kuzaliwa ubavuni mwa kopo la mtoto, akasita akanitazama. Nikaichukua penseli nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa kisomo, herufi kubwa kubwa, upande unaoelekea mlangoni.

Mjusi kafiri wa ukutani bado simpendi. Ila nikimwona siku hizi namtazama kwanza tumbo, kama ana mayai, na nikishamtazama mkono unakuwa mzito.

Juzi mjukuu wangu alipiga simu wakati naanua nguo. Akauliza hali yangu, kisha akauliza mtoto. Ningeweza kusema yuko salama, na alikuwa salama.

"Jana nilimsahau," nikasema. "Nilikwenda shamba asubuhi, sikumpa chakula mpaka alasiri. Na maji nilimwaga kidogo humo ndani, nikakausha kwa kitambaa."

Nilisikia kuku wengi wanapiga kelele nyuma yake.

"Alikula?"

"Alikula panzi wawili. Wa tatu akamkataa."

"Haya, mke mwenza," alisema. "Leo bado zamu yako."